Mtambo Unapopata Nafsi: Vita vya Binadamu na Mashine katika Historia ya Kiswahili, Kutoka Gesima

1. Suala lenyewe

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza namna lugha ya Kiswahili ilivyoyapokea na kuyasimulia mapambano baina ya binadamu na mashine. Chanzo chake ni filamu moja ya Kimarekani ambayo wasomi wengi wa idara zetu, nadhani, hawangependa kuonekana wakiizungumzia. Filamu hiyo ni Terminator 2: Judgment Day, iliyoongozwa na James Cameron na kutolewa nchini Marekani mwezi Julai 1991. Ni mwendelezo wa filamu ya mwaka 1984 ya mwongozaji huyo huyo. Katika ile ya kwanza, mtambo wenye umbo la mtu unatumwa kutoka mwaka 2029 kuja kumwua Sarah Connor kabla hajamzaa mtoto atakayewaongoza binadamu katika vita dhidi ya mashine. Katika ya pili, mtambo wa aina ile ile, wenye sura ile ile ya Arnold Schwarzenegger, unarudi; lakini safari hii umetumwa na binadamu wenyewe ili umlinde yule mtoto, John, ambaye sasa ana umri wa miaka kumi. Adui ni mtambo mpya zaidi, wa chuma kinachotiririka kama zebaki, unaoweza kujigeuza sura ya mtu yeyote uliyemgusa.

Kwa nini basi Gesima? Gesima ni wadi katika eneo bunge la Kitutu Masaba, Kaunti ya Nyamira, si mbali na mji wa Keroka ulioko kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Sotik. Ni nchi ya vilima, migomba na michai. Haina jumba la sinema, na hakuna mwanahistoria wa filamu ambaye angefikiria kuitaja. Hata hivyo yafaa tuanzie mahali kama hapa, kwa sababu hapa mambo matatu yanakutana: watu ambao lugha yao ya kwanza ni Ekegusii na ambao Kiswahili chao ni cha bara, kumbukumbu ya kupigwa kwa mashine ya kivita mwanzoni mwa karne iliyopita, na ujirani na mashamba makubwa ya chai ya Kericho, ambako mashine imekuwa ikigombania kazi na mikono ya watu. Msimulizi wa filamu anapowaambia wasikilizaji wa namna hii kwamba binadamu wanapigana na chuma, hawahitaji kuelezwa maana yake.

2. Bombomu, mzinga na kifaru

Mashine ya kwanza kupigana na Wagusii ilikuwa bunduki ya Maxim. Hiram Maxim aliibuni London mwaka 1884, miaka mia moja kamili kabla ya ile filamu ya kwanza ya Cameron. Sadfa tu, lakini ni sadfa ambayo msimulizi yeyote mwenye akili angeitumia. Bunduki hiyo iliweza kufyatua risasi zipatazo 600 kwa dakika, na ilijipakia yenyewe kwa nguvu ya mshindo wake. Hapo ndipo ulipokuwa upya wake: askari aliacha kuwa mpigaji akawa mtumishi wa mtambo. Mwaka 1905 Waingereza walipeleka kikosi cha askari wa King's African Rifles na polisi kuwaadhibu Wagusii. W. Robert Foran, aliyekuwa afisa wa polisi katika Kenya ya siku zile, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1936 jinsi wapiganaji wa mikuki wa Kigusii walivyoushambulia mraba wa askari, na jinsi bunduki ya mtambo ilivyopigwa kwa muda mrefu hata ikakaribia kuwa nyekundu kwa moto. Mwenyewe anakiri kwamba hayo hayakuwa mapigano bali mauaji.

Mwezi Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki Northcote, mtawala aliyejulikana kwa Wagusii kwa jina la Nyarigoti. Northcote akapona, na baadaye, mwaka 1937, akawa gavana wa Hong Kong. Waliolipa ni Wagusii, maana kikosi kingine kililetwa na watu wengi wakauawa. Jina la Moraa, nabii wa kike anayesimuliwa kuwa ndiye aliyewachochea vijana wakatae utawala huo, limebaki katika simulizi za Gusii mpaka leo. Tukumbuke kwamba mwaka 1905 ndio uliokuwa mwaka wa kuanza kwa Vita vya Maji Maji huko Tanganyika, ambako Kinjikitile Ngwale alifundisha kwamba maji yangeyashinda marisasi. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, kiini cha suala lake kilikuwa hicho hicho: ni neno gani ambalo binadamu anaweza kulisema mbele ya chuma kisichosikia?

Kiswahili kiliitikia kwa kuunda majina, na majina hayo yastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu yanaonyesha mkondo mmoja wa fikra. Bunduki ya mtambo iliitwa bombomu, jina la mlio wake. Askari hawakujali kujua imeundwaje, walijali kuisikia iko wapi. Mzinga ulikuwa gogo lililochongwa kuwa nyumba ya nyuki kabla haujawa silaha ya kubomolea ngome. Mtambo wenyewe, katika kamusi za mwanzo, ni kile kinachofyatuka: kiwiko cha mtego, kifyatuo cha bunduki, matumbo ya saa. Neno linaloanza kwa mtego wa ndege likaishia kwenye kiwanda. Kinu, chombo cha mwanamke wa nyumbani, kikawa kinu cha moshi, kisha kinu cha pamba. Neno cherehani lilitoka katika Kiajemi, na ndani yake limo gurudumu. Hatimaye likaja neno mashine, ambalo liliyameza karibu yote hayo, hata katika masoko ya Gusii mtu akisema anakwenda mashine, kila mmoja anajua kwamba anapeleka mahindi kusagwa.

Jambo la kupendeza zaidi kuliko majina ni upatanisho wa kisarufi. Ndege aliye hai huchukua a-: ndege ameruka. Ndege ya abiria huchukua i-: ndege imeruka. Kifaru wa mbugani amekuja. Kifaru cha jeshi kimekuja. Lugha haikubadilisha neno hata kidogo. Ilichofanya ni kuvua kiambishi cha uhai na kuvika kiambishi cha kitu. Kwa zaidi ya karne moja huu ndio umekuwa utaratibu wa Kiswahili wa kuigeuza hali ya viumbe kuwa hali ya mashine. Mnyama huingia katika karakana akiwa na nafsi, hutoka hana. Njia hiyo ilikuwa ya upande mmoja. Hakukuwa na sababu ya kuwa na njia ya kurudi, mpaka alipokuja roboti.

3. Sinema ya polepole

Kabla ya kulifikia hilo, haina budi kueleza jinsi watu wa vijijini Afrika Mashariki walivyoletewa sinema, maana waliowaletea walikuwa na nadharia juu yao. Kati ya mwaka 1935 na 1937 uliendeshwa mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Makao yake yalikuwa Vugiri katika milima ya Usambara, na wasimamizi wake walikuwa L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walitengeneza filamu fupi 35 hivi juu ya kilimo, afya, posta na mambo kama hayo, wakazungusha kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Maelezo yalitolewa kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwemo, ama kwa sahani za santuri, ama kwa mtu aliyesimama kando na kipaza sauti. Huyo mtu wa kando ndiye babu wa wasimulizi wa filamu tunaowajua leo, ijapokuwa sikuona akipewa heshima hiyo mahali popote.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Colonial Film Unit chini ya William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya nchini Nigeria. Sellers alishikilia kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kuifuata sinema ya kawaida: picha ziende polepole, kamera isihamehame, wakati usirukwe, na hila zozote za kamera ziepukwe kabisa. Hadithi iliyoenea sana ilikuwa ile ya John Wilson, kwamba watazamaji walioonyeshwa filamu ya usafi waliulizwa wameona nini, nao wakajibu kuwa wameona kuku, kuku ambaye watengenezaji wenyewe hawakumbuki kumpiga picha. Marshall McLuhan aliichukua hadithi hiyo katika kitabu chake cha 1962 na kuitangaza duniani kama ushahidi kwamba asiyejua kusoma hajui kutazama. Nilipokuwa ng'ambo kwa masomo ya shahada ya pili niliikuta katika orodha ya vitabu vya semina, ikisomwa bila kicheko. Mimi naona kwamba mfugaji anayemwona kuku pembeni mwa picha ametazama picha nzima, na aliyekosa kumwona ndiye mwenye kasoro ya macho. Lakini tuyaache hayo.

Sasa tuiweke nadharia ya Sellers kando ya Terminator 2. Hakuna filamu ya wakati wake iliyokuwa na hila nyingi kuliko hiyo. Iligharimu dola zipatazo milioni 100, na mwaka 1992 ilipata tuzo nne za Oscar, mojawapo ikiwa ya mandhari za hila. Adui wake anapita katika vyuma vya hospitali kama maji, anakuwa sakafu, anakuwa polisi, anakuwa mama mlezi wa mtoto. Wakati unarukwa mbele na nyuma. Hata hivyo kanda zake zilipofika katika vibanda vya video vya miji midogo ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1990, vibanda vya mabati na viti vya mbao, vijana ambao wengi wao hawakujua Kiingereza cha filamu waliifuata bila shida. Kwao, kiumbe kinachojigeuza sura ya mtu wa nyumbani si hila ya kamera. Ni zimwi, ni jini, ni yule mgeni wa ngano anayemwoa binti na kumbe si mtu. Msamiati wa kumweleza ulikuwapo kabla ya mashine za Hollywood.

4. Msimulizi na steringi

Vibanda hivyo vilizaa sanaa ambayo idara za Kiswahili zimechelewa sana kuitazama, nayo ni tafsiri simulizi ya filamu. Nchini Uganda wasimulizi hawa huitwa viijei, na wengi wao hutumia Kiganda. Dar es Salaam Kapteni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na kanda zenye sauti yake zikauzwa na kukodishwa mbali na jiji. Kenya imemjua James Muigai, yaani DJ Afro, ambaye Kiswahili chake kimechanganyika na Sheng na ambaye sauti yake imesikika katika matatu, vinyozi na vibanda vya video nchini kote. Matthias Krings, mtaalamu wa anthropolojia kutoka Ujerumani, ameandika juu ya wasimulizi wa Tanzania kwa makini ambayo sisi wenyewe hatujaionyesha. Si aibu mgeni kuandika. Ila ni ajabu kwamba tumetumia miongo mingi kubishana kama shairi lisilo na vina ni shairi, huku sanaa ya masimulizi yenye hadhira kubwa kuliko mashairi yetu yote ikiendelea ng'ambo ya barabara.

Msimulizi hatafsiri neno kwa neno. Hunyamazisha sauti ya filamu au huizungumzia juu yake, huwapa wahusika majina, hueleza desturi za ugenini, huonya, hucheka, hutabiri. Wasikilizaji nao wana istilahi zao. Shujaa ni steringi, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza, na kanuni kuu ya uhakiki wa vibandani ni kwamba steringi hafi. Majina ya filamu yenyewe yamemwagika katika lugha: nchini Tanzania mfuko wa plastiki wa sokoni uliitwa rambo, hata uliposimamishwa kwa sheria mwezi Juni 2019 watu wengi walisema kwamba rambo amepigwa marufuku, kana kwamba ni mtu. Huko mashariki mwa Kongo jina lilikwenda mahali pabaya zaidi. Bosco Ntaganda, kamanda wa waasi, alijulikana kwa lakabu ya Terminator. Mwaka 2019 mahakama ya kimataifa ya The Hague ilimpata na hatia ya makosa 18 ya vita na ya dhidi ya ubinadamu, ikamfunga miaka 30. Hapo mtu amelichukua jina la mashine ya filamu ya kwanza, ile isiyoombwa wala kuonewa huruma. Katika filamu ya pili mashine inafunzwa kutoua. Jina halikuwa na nafasi ya kubeba tofauti hiyo.

Na tofauti hiyo ndiyo mtihani wa msimulizi. Mtoto John anaifundisha mashine lugha. Anaifundisha misemo ya mitaani, pamoja na maneno ya kuagana ya Kihispania ambayo baadaye yalirudiwa duniani kote. Anaifundisha kwamba kuua kumekatazwa hata kama hakuna sababu inayoweza kutolewa kimahesabu. Mwalimu wa lugha hawezi kuitazama sehemu hii bila kusisimka, maana hadithi nzima inageuka juu ya somo la lugha. Mwishoni, katika kiwanda cha chuma, mashine inajua kwa nini watu hulia, ikaomba ishushwe katika chuma kilichoyeyuka ili ujuzi uliomo ndani yake usije ukatumiwa.

Je, nimesema sawasawa hapo? Nimeandika ‘inajua’ na ‘ikaomba’. Kiingereza mara nyingi kinamwita kiumbe huyo kwa kiwakilishi cha mwanamume tangu filamu ya kwanza, kwa sababu tu ana umbo la mwanamume, na hivyo hakina la kuamua. Kiswahili hakina mwanamume wala mwanamke katika kiambishi, bali kina mtu na kitu, na kila kitenzi kinamdai msimulizi jibu. Roboti ile ilikuja, au roboti yule alikuja? Aliipiga risasi au alimpiga risasi? Haitoshi kujibu kwamba chochote kinachosema hupewa a-, kwa maana katika ngano zetu boga likasema na jiwe likaitika, na vyote viwili vikabaki katika ngeli zao. Kusema hakutoshi. Kinachompa kiumbe a- ni kitu kingine, ambacho sarufi zetu hukiita uhai kwa kurahisisha tu. Kwa kuwa mti una uhai na hauipati.

Ninavyoona mimi, msimulizi hodari wa filamu hii ataanza na i- na atamaliza na a-, na ustadi wake utaonekana katika mahali anapovukia. Akivuka mapema, adui anakuwa mtu kabla mtazamaji hajamwogopa. Akichelewa mpaka kwenye chuma kilichoyeyuka, msiba unakuwa wa kuharibika kwa chombo. Nimewaomba wanafunzi wangu mara kadhaa wanisimulie filamu hiyo kwa mdomo bila kuwaambia ninatafuta nini, na karibu wote wamevuka bila kujua kwamba wamevuka. Wengi kwenye maneno ya mama, Sarah, anapowaza kwamba kati ya wanaume wote ambao wangeweza kuwa baba wa mwanawe, mashine hii pekee haitamchoka. Lugha iliyozoea kumvua ndege nafsi yake inarudi kinyumenyume na kukivika chuma nafsi.

Lakini msikilizaji wa Gesima hayumo katika hesabu hiyo kwa namna moja na msikilizaji wa Mombasa. Katika Ekegusii, ng'ombe na mbwa hubaki katika upatanisho wa ngeli zao. Mtu husema esese yane, mbwa wangu, kwa kiambishi kile kile ambacho angekitumia kwa kitu cha ngeli hiyo. Mpaka wa sarufi hauko baina ya wenye uhai na wasio na uhai, uko baina ya binadamu na vingine vyote. Kiswahili cha bara nacho, kama tujuavyo sote tunaosahihisha mitihani, husema ng'ombe imekufa na mbwa imebweka. Tumezoea kuyapiga mistari myekundu maumbo hayo na kuendelea. Hebu tuyafikirie kidogo. Kwa msemaji wa namna hiyo, a- haiwafikii hata wanyama. Ni heshima ya binadamu peke yake. Msimulizi wa pwani anapoipa mashine a-, ameipandisha mpaka kwenye daraja la ng'ombe na kuku. Wa bara anapofanya hivyo ameipitisha juu ya ng'ombe, juu ya mbwa, akaiketisha pamoja na watu. Filamu ile ile, katika Kiswahili cha aina mbili, inasema jambo la ukubwa tofauti.

5. Siku ya Hukumu

Jina la pili la filamu, Judgment Day, halikuhitaji mtafsiri. Uadventista wa Sabato ulifika Gusii katika miaka ya 1910, ukajenga kituo chake Nyanchwa, na katika vilima hivi Jumamosi barabara hujaa watu wenye Biblia mkononi. Neno hukumu lina uzito wa pekee kwa waumini ambao kanisa lao lilizaliwa baada ya wafuasi wa William Miller kumngojea Kristo tarehe 22 Oktoba 1844 na siku ikapita. Filamu nayo iliweka tarehe yake: 29 Agosti 1997, siku ambayo mtambo mkuu uitwao Skynet ungepata fahamu na kuwateketeza binadamu kwa mabomu ya nyuklia. Siku hiyo ikapita. Filamu ya tatu, ya mwaka 2003, ikaeleza kwamba hukumu haikufutwa bali iliahirishwa. Ya nne, ya mwaka 2009, ikaonyesha vita vyenyewe vikipiganwa, na ninathubutu kusema kwamba ndiyo kavu kuliko zote, kwa sababu ndani yake hakuna anayemfundisha mwenziwe kitu. Yeyote aliyekulia katika mafundisho ya kungoja anajua tayari jinsi tarehe iliyopita inavyofasiriwa upya.

Jambo ambalo huenda lilipita bila kutajwa katika vibanda vingi ni kwamba mbuni wa Skynet katika filamu ya pili, Miles Dyson, aliyechezwa na Joe Morton, ni mtu mweusi. Si mwovu. Ni mfanyakazi wa kampuni anayeipenda kazi yake. Alipoonyeshwa itakakoishia, aliiharibu kwa mikono yake mwenyewe na kufa nayo. Lau ningetakiwa kuchagua steringi wa filamu hii ningemchagua yeye, ingawa yeye hufa, na kwa kanuni ya vibandani hastahili.

6. Chuma kichumacho

Neno roboti lilizaliwa katika tamthilia ya Karel Čapek iitwayo R.U.R., ya mwaka 1920, kutokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya kulazimishwa. Kaka yake, Josef, ndiye aliyelipendekeza. Kwa hiyo tangu mwanzo roboti si askari. Ni kibarua. Filamu ilimfanya mwuaji, lakini katika nchi ya chai amerudi katika kazi yake ya asili.

Hapa Kiswahili kina sadfa ambayo lugha nyingine haina. Chuma ni madini. Kuchuma ni kutwaa majani au matunda kwa mkono. Na kuchuma, vilevile, ni kujipatia mali. Wana-etimolojia watatuambia kwamba nomino na kitenzi hazina nasaba moja, maana nomino ina ki- ya ngeli ndani yake na wingi wake ni vyuma. Sawa. Lakini anayesikia hasikii etimolojia. Anasikia kwamba chuma kinachuma, na kwamba aliyekuwa akichuma hachumi tena. Labda ndiyo sababu wengi katika Kenya husema kuchuna majani chai, kwa kitenzi ambacho kwa asili ni cha kumvua mnyama ngozi; nacho pia kina ukweli wake.

Wakulima wadogo wa Nyamira, wanaopeleka majani yao katika viwanda vya Kebirigo, Sanganyi au Nyansiongo, kwa kawaida huchuma kwa mkono, majani mawili na kichipukizi. Katika mashamba makubwa ya Kericho, ambako vizazi vya Wagusii vimekwenda kutafuta kibarua, mambo yamekuwa mengine. Mwezi Oktoba 2010 wafanyakazi wa mashamba hayo waligoma kwa sababu ya mashine za kuchumia. Mwezi Mei 2023 waandamanaji walichoma moto mashine kadhaa katika shamba la kampuni ya Ekaterra. Mtu mmoja aliuawa, wengine wakajeruhiwa, polisi wakiwemo. Kamati iliyoundwa na serikali ya Kaunti ya Kericho ilikuwa imependekeza mapema mwaka huo kwamba sehemu 60 katika 100 za uchumaji ziachiwe mashine na 40 ziachiwe mikono. Mjumbe wa kamati hiyo alieleza kwamba kazi zipatazo 30,000 zilikuwa zimepotea katika kaunti hiyo kwa muda wa miaka kumi.

Magazeti yaliwalinganisha waandamanaji hao na wale mafundi wa Kiingereza waliovunja mitambo ya kufumia kuanzia mwaka 1811 huko Nottingham, ambao bunge liliwatungia sheria ya kunyongwa mwaka 1812 na mshairi Byron akasimama kuwatetea. Mlinganisho huo unafaa kwa kiasi. Mafundi wa Nottingham walikuwa watu wa mahali pamoja. Kericho, kabla mtu hajapigana na mashine, alikuwa amekwisha kupigana na mtu: baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 wafanyakazi wengi wasio wenyeji, Wagusii wakiwa wengi miongoni mwao, walishambuliwa na kufukuzwa katika mashamba, na mpaka wa Borabu na Sotik ukawaka. Baadhi ya walioteswa walijaribu kufungua kesi Uingereza, wakashindwa mwaka 2018. Mashine haina kabila, haigomi, haikimbii uchaguzi. Sitashangaa kama hoja hiyo iliwahi kusemwa kwa sauti ya chini mahali fulani wakati wa kuhesabu gharama.

Tunao sasa msamiati mpya wa mitambo inayofikiri. Tulibishana kati ya ngamizi na tarakilishi, na watu wakachagua kompyuta. Leo wengine wanaandika akili mnemba na wengine akili unde; mimi napendelea la pili, kwa kuwa ndani yake kitenzi kuunda bado kinaonekana, na palipo na kitenzi panaweza kuulizwa ni nani aliyekitenda. Katika mashamba ya chai swali hilo limekwisha kujibiwa na sarufi ya watu wenyewe. Sisikii mchumaji wa Gesima aliyerudi nyumbani akisema kwamba mashine amemnyang'anya kazi. Hukiacha chuma katika i- yake, mashine imeletwa, mashine imewekwa, kwa kauli ya kutendwa. Kisha huhamia kwa a- na kulitaja jina la aliyeileta.